Watu Sita, Mizinga Miwili: Kinachotushika Katika Sinema za Kazi Maalumu Vitani

Lifti ya kupandishia makombora inashuka. Chini ya shimo lake mtaalamu wa baruti ameficha vilipuzi na kuacha nyaya tupu. Lifti ikifika pale nyaya zitagusana, na mizinga miwili mikubwa ya Wajerumani iliyochimbiwa ndani ya mwamba wa kisiwa itakwenda na mwamba wake. Inashuka, inasimama juu kidogo ya nyaya, inapanda. Baharini manowari za Waingereza zimekwisha kuingia kwenye shabaha na mizinga imeanza kufyatua. Lifti inashuka tena, na tena inaishia njiani.

Filamu hiyo, The Guns of Navarone, ilitoka mwaka 1961. Anayeitazama leo anajua fika kwamba mizinga italipuka, na bado anajikuta amebana pumzi. Anamjua msaliti, anajua nani atabaki hai, na siku nyingine akiikuta inaonyeshwa ataketi tena mpaka mwisho. Mvuto wa namna hii hauelezeki kwa mshangao, maana mshangao ulikwisha siku ya kwanza. Hauelezeki kwa milipuko pia. Milipuko tunayo tele, mingi ya leo ni mikubwa kuliko ile, lakini filamu nyingi zinazoitegemea husahaulika kabla moshi haujatulia.

Maoni yangu ni kwamba sinema za kazi maalumu vitani, zile za kikosi kidogo kinachopenya katika eneo la adui kulipua daraja, kuiba siri au kumtorosha mtu, zinatushika kwa sababu kwanza kabisa ni sinema za kazi. Zinatuonyesha watu wenye ujuzi wakifanya jambo gumu kwa mikono yao, jambo lenye mwanzo na mwisho, ambalo likifanyika kila mtu anaona limefanyika. Zile zilizo bora haziishii hapo. Zinauliza kazi hiyo imemgharimu nani.

Vita halisi havina umbo hilo. Vita vya Pili vya Dunia viliua makumi ya mamilioni ya watu, na wengi wao hawakupata kujua ni uamuzi upi, wa nani, uliowafikisha pale walipofia. Askari wa miguu aliambiwa songa, akasonga. Aliambiwa ngoja, akangoja wiki nzima kwenye matope. Raia ndiyo kabisa: kwake vita vilikuwa kitu kinachodondoka kutoka angani. Filamu ya kazi maalumu inakata kipande kidogo cha maafa hayo na kukiwekea mipaka. Kisiwa kimoja. Watu sita. Siku chache. Askari 2,000 wa Uingereza wamekwama kwenye kisiwa jirani na wataangamia mizinga isiponyamazishwa. Hapo vita vinakuwa na kimo cha mtu. Kamba ikishika mwambani, watu 2,000 wanapona, ikikatika, wanakufa. Ni wachache mno waliopigana vita vile waliopata uhakika wa namna hiyo kwamba jasho lao lilikuwa na maana, na sisi tusiopigana tunautamani vilevile, kwa sababu kazi zetu nyingi nazo hazituonyeshi mwisho wake.

Ndiyo maana meza ya ramani ina uzito kuliko bunduki. Karibu kila filamu ya aina hii ina tukio lile: chumba chenye moshi wa sigara, ofisa mwenye kifimbo, picha zilizopigwa kutoka angani, idadi ya walinzi na saa wanazopokezana zamu. Wasiozipenda sinema hizi huona hapo ndipo zinapopoa. Mimi naona hapo ndipo mtazamaji anapoandikishwa jeshini. Akishaambiwa mpango, hawezi tena kukaa pembeni. Robert Aldrich alilielewa hili vizuri mno katika The Dirty Dozen ya mwaka 1967. Wafungwa wake 12 wa kijeshi, baadhi yao wakiwa wamehukumiwa kunyongwa, wanafundishwa mpango kwa mashairi ya kukariri, hatua 16, kila hatua na kina chake. Kufikia usiku wa kazi, aliyeketi mbele ya skrini ameshaukariri pamoja nao. Hatua moja inapokwenda kombo, inamuuma kama fundi anavyoumwa akiona mwenzake amekata ubao mfupi.

Na lazima iende kombo. Mpango unaofaulu kama ulivyochorwa hauna hadithi ndani yake. Utamu uko pale mtu anapobaki na nusu ya vifaa, theluthi ya muda, mwenzake amevunjika mguu, na bado kazi inamngoja. Tabia ya mtu tunaiona kwa namna anavyotengeneza kilichoharibika.

Sinema hizi hazikuzuka zenyewe. Mjapani Akira Kurosawa aliwaonyesha watengenezaji wenzake, katika Seven Samurai ya mwaka 1954, jinsi ya kukusanya kikosi mtu mmoja mmoja, kila mmoja na umahiri wake na sababu yake ya kukubali. Mwaka uliofuata Jules Dassin, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Ufaransa, alitoa Rififi, filamu ya wezi yenye tukio la takriban nusu saa ambamo watu wanavunja duka la vito bila neno wala muziki. Kuna mikono tu, nyundo iliyofunikwa na jasho. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mtazamaji anaweza kuitazama kazi tupu, kwa ukimya, na asichoke. Sinema za kivita ziliichukua mbinu hiyo na kumwondolea mtazamaji aibu ya kuwashangilia wezi, kwa sababu anayevunjiwa sasa ni Mnazi.

Ushahidi wake mkubwa ni The Great Escape ya mwaka 1963. John Sturges, ambaye tayari alikuwa ameigeuza hadithi ya Kurosawa kuwa filamu ya wachunga ng'ombe, alipewa tukio la kweli: wafungwa wa jeshi la anga waliotoroka Stalag Luft III, kambi ya Wajerumani ya wafungwa wa vita, mwezi Machi 1944. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ndefu ni karakana. Kuna mchimbaji, mghushi wa hati, mshonaji anayegeuza sare kuwa suti za kiraia, na mtafutaji anayeweza kupata chochote kwa maneno matamu. Kweli yenyewe ilikuwa hivyohivyo: mbao za vitanda ziliegemezwa ndani ya mahandaki zisibomoke, makopo ya maziwa ya unga yaliunganishwa kuwa bomba la hewa, mchanga ukamwagwa uwanjani kidogokidogo kutoka kwenye vifuko vilivyofichwa ndani ya suruali. Ukisoma habari hizo unaona kwamba mwandishi wa filamu hakuhitaji kuongeza chumvi sehemu hiyo.

Chumvi aliiongeza kwingine. Pikipiki inayoruka ua wa waya, ambayo kila mtu anaikumbuka, ni ya kubuni, na Wamarekani walikuwa wamehamishiwa sehemu nyingine ya kambi miezi kadhaa kabla ya usiku wenyewe. Kwangu mimi moyo wa filamu haupo kwenye pikipiki. Upo kwa mghushi wa hati ambaye macho yake yanakufa kwa kazi ya usiku kwenye mwanga hafifu. Anajua akigundulika ataachwa. Basi anaweka pini sakafuni, anahesabu hatua, na mbele ya mkuu wake anajifanya ameiona kutoka mbali. Kazi yenyewe imemla fundi wake. Aliyeigiza nafasi hiyo, Donald Pleasence, alikuwa katika jeshi la anga la Uingereza, ndege yake ikatunguliwa mwaka 1944, akakaa kambini kama mfungwa wa vita. Walitoka watu 76. Watatu tu walifika salama, na 50 kati ya waliokamatwa waliuawa kwa amri ya Hitler. Filamu imetolewa kwa heshima ya hao 50, na inawapa kifo chao waziwazi, uwanjani, baada ya saa mbili na zaidi za kutufanya tuwapende. Naiheshimu sana kwa hilo.

Pleasence hakuwa peke yake. David Niven, yule mtaalamu wa baruti wa Navarone, aliacha Hollywood vita vilipoanza akarudi Uingereza kujiunga na jeshi, na alihudumu miongoni mwa makomando. Anthony Quayle, anayemwigiza ofisa aliyevunjika mguu katika filamu hiyohiyo, alitumwa Albania na idara ya siri ya Uingereza iliyoshughulikia hujuma katika nchi zilizokaliwa. Lee Marvin, kamanda wa wafungwa wa Aldrich, alijeruhiwa katika kisiwa cha Saipan, bahari ya Pasifiki, mwaka 1944. Watu wa aina hiyo walikuwa mbele ya kamera na nyuma yake, na wenzao walijaa kwenye viti vya ukumbi. Hadhira ya mwaka 1955 au 1961 haikuhitaji kufundishwa kwamba watu hufa vitani. Ilikuwa imezika. Ilichokitaka ni hadithi ambamo kifo kimenunua kitu kinachoonekana. Sioni aibu yoyote katika kiu hiyo, ila ndiyo iliyofungua mlango wa uongo mwingi.

Turudi Navarone, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo wengi hulipita wakikimbilia milipuko. Yule ofisa aliyevunjika mguu hawezi kubebwa tena na hawezi kuachwa bila hatari, kwani Wajerumani watamhoji. Nahodha wa kikosi anamwambia, kwa upole, habari ya uongo: kwamba mpango umefutwa na badala yake kutakuwa na mashambulizi makubwa ya kutua pwani. Anamwachia rafiki yake uongo huo kama mzigo wa siri, akijua watamdunga dawa ya kumfanya aseme, na akisema atawapotosha adui. Mtaalamu wa baruti anapoigundua hila hiyo anawaka. Kwake hakuna ushindi unaostahili kumtumia mwenzako namna hiyo. Nahodha hana jibu la kumridhisha, na filamu haimtafutii. Mpango unafaulu kwa sababu ya tendo lile, na tendo lile linabaki chafu. Bila ugomvi wa watu hao wawili, lifti ile ingekuwa mashine tu. Tunaitazama kwa pumzi iliyobanwa kwa sababu tunajua kilicholipwa ili vilipuzi vifike pale.

Sasa tuiweke sinema kando ya tukio la kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Februari 1943, Wanorwe tisa waliovaa sare za Uingereza waliliendea jengo la Vemork, mkoani Telemark, ambako Wajerumani walikuwa wakizalisha maji mazito, yaani maji yenye aina nzito ya hidrojeni, kwa ajili ya utafiti wao wa nyuklia. Jaribio la kwanza, Novemba 1942, lilikuwa limetumia ndege zisizo na injini zilizojaa askari wa Uingereza, na watu 41 walikufa kwenye ajali au waliuawa baada ya kukamatwa. Kikosi cha Wanorwe kilichotangulia kufika kiliishi majira ya baridi kwenye nyanda za juu zenye theluji, katika vibanda, kikila kuvu la mawe mpaka wakapata mnyama wa kuwinda. Kiongozi wa shambulio, Joachim Rønneberg, alikuwa na umri wa miaka 23. Daraja lililoelekea kiwandani lilikuwa na walinzi, kwa hiyo waliteremka korongo, wakavuka mto ulioganda, wakapanda upande wa pili hadi kwenye reli. Mnyororo wa lango waliukata kwa mkasi mkubwa wa chuma ambao Rønneberg alikuwa ameununua mwenyewe dukani Uingereza.

Ndani walimkuta mlinzi wa usiku, Mnorwe mwenzao. Vilipuzi vilipokuwa tayari na fataki ya kuwashwa, mzee yule alisema hazioni miwani yake, na wakati ule wa vita miwani haikupatikana kirahisi. Waliitafuta. Kiongozi alikuwa amezifupisha tambi za baruti kutoka dakika mbili hadi sekunde 30 ili awe na hakika ya kuusikia mlipuko, na wahujumu waliohatarisha kila kitu wakatumia muda wao kumtafutia mtu miwani. Mlipuko ulisikika mdogo sana nje. Mlinzi wa Kijerumani alitoka, akamulika tochi, akajaribu mlango, akarudi ndani. Hakuna risasi hata moja iliyopigwa. Waliacha bunduki ya jeshi la Uingereza nyuma yao ili Wajerumani wajue ni kazi ya askari na wasiwaue wanakijiji kwa kulipiza. Kisha baadhi yao wakateleza kwa ski mamia ya kilomita hadi Sweden.

Hakuna mwandishi wa sinema ambaye angethubutu kuibuni miwani ile. Mwaka 1948 Wanorwe na Wafaransa walitengeneza filamu juu ya tukio hilo, na kadhaa ya wahusika wenyewe waliigiza nafasi zao. Mwaka 1965 ikaja ya Kiingereza, The Heroes of Telemark, yenye Kirk Douglas na Richard Harris, ikiwa na risasi, mapenzi na mabishano ya mastaa wawili. Ni nzuri kuitazama, theluji yake ni ya kweli na milima inatisha, lakini kila mara bunduki inapolia najua kuna kitu bora kilichotupwa. Watengenezaji waliogopa ukimya. Rififi ilikwisha kuwaonyesha miaka kumi kabla kwamba ukimya haumfukuzi mtazamaji.

Kuna kingine kilichobadilishwa katika filamu hiyo, na hicho kina uzito zaidi. Kiwanda kilitengenezwa upya, ndege za Marekani zikalipua, na mwanzoni mwa 1944 Wajerumani wakaamua kuhamishia akiba ya maji mazito Ujerumani. Yangepita ziwa Tinnsjø kwa kivuko cha abiria. Knut Haukelid, mmoja wa wale tisa, na wenzake wachache walitega bomu, na tarehe 20 Februari 1944 kivuko kilizama. Walikufa watu 18, na 14 kati yao walikuwa Wanorwe wa kawaida waliokuwa safarini. Waliolitega walijua hayo yanaweza kutokea. Waliuliza makao makuu kama kweli ni lazima, wakajibiwa ni lazima. Filamu inamwingiza shujaa ndani ya kivuko awasogeze watoto sehemu salama. Naelewa kwa nini: mtazamaji alilipa kiingilio ili ampende mtu huyu mpaka mwisho. Lakini waliofanya kazi ile kwa kweli hawakupewa nafasi hiyo. Waliishi na hesabu ile miaka yote iliyobaki ya maisha yao, na filamu iliyotaka kuwaenzi imewanyang'anya sehemu ngumu kuliko zote ya ushujaa wao.

The Dam Busters ya mwaka 1955 ina ukimya wa aina nyingine. Inasimulia usiku wa tarehe 16 Mei 1943, ndege 19 za Uingereza za kudondosha mabomu, aina ya Lancaster, zilipokwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani kwa bomu linaloruka juu ya maji kama jiwe la mtoto, bomu ambalo umbo lake lilikuwa bado siri ya serikali filamu ilipotengenezwa. Nusu ya kwanza ni hesabu, majaribio yaliyoshindikana na mhandisi mwenye subira. Siijui filamu nyingine inayoifanya fizikia isisimue hivyo. Ndege nane hazikurudi na marubani na wenzao 53 waliuawa. Mwisho wake unajulikana kwa haki: mhandisi amevunjika moyo kwa vijana waliopotea, na kamanda anaondoka kwenda kuandika barua. Hakuna bendera wala shangwe.

Hata hivyo, maji ya bwawa la Möhne, mojawapo ya yale yaliyobomolewa, yalikwenda mahali. Chini ya bwawa, karibu na mji wa Neheim, kulikuwa na kambi ya watu waliochukuliwa kwa nguvu kufanya kazi viwandani, wengi wao wanawake kutoka Ukraine na sehemu nyingine za Muungano wa Kisovieti. Walikufa kwa mamia usiku ule. Jumla ya waliokufa mabondeni ilizidi watu 1,000. Wanawake wale walikuwa wahanga wa Hitler hata kabla ya maji kuwafikia. Filamu inaonyesha gharika na haina nafasi yao. Siilaumu kwa kutokuwa somo la historia. Naona tu kwamba aina hii ya sinema, kwa kuwa inakipa kikosi mipaka, inachora mipaka hiyo pia kuhusu nani anahesabiwa. Anayeingia kwenye ramani mezani ana jina. Aliye chini ya bwawa ni eneo lenye rangi ya bluu.

Where Eagles Dare nitaipitia upesi. Ngome ya mlimani, gari la kamba, majasusi waliojigeuza mara mbili na mara tatu, Clint Eastwood na bunduki mikono yote miwili: ni raha tupu, na raha haihitaji kutetewa. Ila ukiisha kuitazama haikufuati nyumbani.

Aldrich, kwa upande wake, alitaka ikufuate. Wafungwa wake wanafika kwenye jumba la kifahari nchini Ufaransa ambako maofisa wa Kijerumani wanastarehe na wanawake. Wageni wale wanakimbilia chini, kwenye handaki la kujikinga na mabomu, na wale tuliowapenda kwa saa mbili wanamimina petroli na kudondosha mabomu ya mkono kupitia matundu ya hewa. Tunasikia wanaopiga kelele humo ndani. Ni hatua katika mpango tulioukariri kwa furaha. Mtu yeyote aliyewahi kuimba zile hatua 16 moyoni anapaswa kujisikia vibaya hapo, na naamini ndivyo mwongozaji alivyokusudia. Karibu wote 12 wanakufa. Anabaki mmoja.

Madaraja yananivutia kuliko malengo mengine yote, kwa sababu daraja lenyewe ni kazi ya mtu. The Bridge on the River Kwai ya mwaka 1957 imejengwa juu ya wazo hilo: kanali wa Kiingereza, mfungwa wa Wajapani, anawajengea adui zake daraja zuri ili kuokoa nidhamu ya askari wake, na mwishowe analipenda kiasi cha kuwafichua makomando waliokuja kulilipua. Reli ya kweli, kati ya Thailand na Burma, ilikuwa na urefu wa kilomita 415. Zaidi ya wafungwa 12,000 wa mataifa yaliyopigana na Wajapani walikufa wakiijenga, na vibarua wa Kiasia waliokufa walikuwa wengi kuliko hao mara kadhaa. Vibarua hao ndani ya filamu karibu hawaonekani. Hata waandishi wa filamu yenyewe walifutwa: Carl Foreman na Michael Wilson walikuwa wamepigwa marufuku Hollywood kwa tuhuma za ukomunisti, na Oscar ya uandishi ikapewa mtunzi wa riwaya iliyozaa filamu hiyo. Kosa hilo lilisahihishwa mwaka 1984, wote wawili wakiwa wamekufa.

Kuna daraja jingine ambalo halikuhitaji kubuniwa. Linavuka korongo la mto Tara, Montenegro, na lilikamilika mwaka 1940. Mmoja wa wahandisi waliolijenga, Lazar Jauković, aliwasaidia wapiganaji wa msituni kubomoa tao moja la daraja hilo mwaka 1942 ili kuzuia majeshi ya Italia. Alijua ni tao lipi la kuvunja ili njia ikatike na daraja libaki. Waitalia walimkamata, wakamuua palepale darajani. Baada ya vita tao lilijengwa upya. Mwaka 1969 mwongozaji wa Yugoslavia, Hajrudin Krvavac, alitengeneza filamu pale kuhusu kikosi kinachomtafuta mhandisi ili awasaidie kulipua alichokijenga, na mhandisi hataki. Ukiiweka kando ya ile ya Kwai unaona watu wawili wanaopenda kazi ya mikono yao: mmoja mapenzi yamempofusha, mwingine anaombwa ayaue kwa macho wazi. Sijui swali zito zaidi ambalo aina hii ya sinema imewahi kuuliza.

Nimewataja wanaume tu mpaka hapa, na hilo halikutoka kwangu. Mwanamke katika filamu nyingi za aina hii ni msaliti, mpenzi au mwongoza njia. Stanislav Rostotsky, aliyekuwa askari wa Jeshi Jekundu na kupoteza mguu kwa majeraha ya vita, alilivunja jambo hilo mwaka 1972 kwa filamu iitwayo kwa Kirusi A zori zdes tikhie, yaani Na Mapambazuko Hapa Ni Tulivu. Ni mwaka 1942, Karelia, kaskazini-magharibi mwa Urusi. Mkuu mmoja wa askari anachukua wasichana watano wa kikosi cha mizinga ya kutungulia ndege kwenda kuwazuia Wajerumani wawili walioonekana msituni. Wanafika, wanahesabu: ni 16. Kila kitu tunachokipenda katika sinema hizi kipo, hila, kinamasi cha kuvukwa, walinzi wa kukwepwa, idadi isiyolingana. Vita vimepigwa picha kwa rangi nyeusi na nyeupe, na kila msichana anapokumbuka maisha yake ya kabla, rangi zinakuja. Wote watano wanakufa, mmoja baada ya mwingine, na kila kifo kinakata maisha ambayo tumeyaona kwa rangi. Wajerumani wanazuiwa. Kazi imefanyika, na mkuu wao, akiwa peke yake na mateka anaowaswaga mbele yake, amejeruhiwa mkono na analia. Rostotsky hakumpa mtazamaji daraja linaloanguka wala mwamba unaopasuka. Alimpa majina matano: Zhenya, Rita, Liza, Sonya, Galya.